Kosa Lipo, Lakini Hukumu Inabaki

Simu za namna hii huja jioni, watu wakishatoka kazini. Bahasha kutoka Mahakama ya Rufaa ya California imefika, kijana wa nyumbani ameisoma kwa sauti, na ukurasa wa tisa umeleta vigelegele: majaji wameandika waziwazi kwamba jaji wa chini alikosea. Alizuia ushahidi ambao sheria iliuruhusu. Basi tumeshinda?

Kisha kijana anafunua ukurasa wa mwisho. Pana kichwa kidogo, "Disposition", na chini yake maneno manne: "The judgment is affirmed."

Hukumu imethibitishwa.

Kati ya ukurasa wa tisa na ule wa mwisho kuna neno moja ambalo limenikaa kichwani wiki nyingi sasa: "harmless". Kosa lilikuwepo, wanasema, ila lilikuwa "harmless". Kwa Kiswahili unaweza kusema "lisilo na madhara", na tafsiri hiyo haina kasoro ya kamusi. Lakini mwambie hivyo mtu aliyefungwa miaka 12, au mzazi aliyeondolewa mtoto wake, uone atakavyokutazama.

Mwanzoni nilidhani kazi ni kutafuta neno zuri zaidi. Kadiri nilivyolizungusha ndivyo nilivyoona kwamba tatizo limeanza mapema zaidi, kwenye neno tunalolitumia kila siku bila kulikagua: rufaa.

## Maneno ya kawaida ndiyo yanayotega

Watu huogopa Kilatini cha mahakamani. Ukikutana na "remittitur" unajua papo hapo kwamba hulijui, unauliza. Hatari iko kwenye maneno unayodhani unayajua.

"Brief" mtaani ni kitu kifupi. Katika rufaa ni hoja za maandishi, na katika shauri la madai zinaruhusiwa kufika maneno 14,000. Kwenye jinai 25,500. "Record", yaani kumbukumbu za shauri, si orodha ya makosa yako polisi wala sauti iliyorekodiwa, ni mafungu ya karatasi ambayo majaji watayasoma, na hawatasoma kingine. "Not to be published", mstari unaokaa juu ya hukumu nyingi za mahakama hizi, huwafanya watu wadhani hukumu yao ni siri. Si siri. Iko kwenye tovuti ya mahakama na jirani anaweza kuisoma usiku huu. Mstari ule unasema tu kwamba hukumu haiingii katika vitabu rasmi vya maamuzi, kwa hiyo, ukiacha mazingira machache, wakili wa mtu mwingine hawezi kuitegemea.

Halafu kuna majina ya wahusika, na hapa nimeona hata watu waliosoma wakipotea. Kwenye shauri la talaka, aliyefungua anaitwa "Petitioner" na aliyefunguliwa "Respondent". Wakifika kwenye rufaa, mrufani anaitwa "Appellant", na anayejibu rufaa anaitwa tena "Respondent". Sasa mume aliyefunguliwa shauri, akashindwa, akakata rufaa, anaandikwa kwenye ukurasa wa kwanza "Respondent and Appellant". Mkewe anaandikwa "Petitioner and Respondent". Neno moja, karatasi moja, watu wawili tofauti.

Tazama neno linalofuata baada ya "and". Hilo ndilo cheo cha mtu huyo kwenye rufaa.

Kwenye jinai upande wa pili huandikwa "The People". Hao ni serikali ya jimbo, na kwenye rufaa husimamiwa na ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa California. Si wale majirani walioketi kwenye juri, lile kundi la raia wanaoamua hatia.

Ninazungumzia California kwa sababu kila jimbo la Marekani lina mahakama zake, muda wake na hata majina yake. "Superior Court" ya California, pamoja na jina lake la kifahari, ndiyo mahakama ya kwanza inayosikiliza mashahidi, moja kwa kila kaunti kati ya kaunti 58. New York mahakama ya kwanza inaitwa "Supreme Court", na iliyo juu kabisa inaitwa "Court of Appeals". Maryland nayo ilikuwa na mtindo wa kuita mahakama ya juu kabisa "Court of Appeals", hadi majina yalipobadilishwa Desemba 2022. Maine haina mahakama ya rufaa ya katikati. Ukitoka chini unakwenda moja kwa moja juu. Kwa hiyo ndugu yako wa Texas au wa Maine akikupa ushauri wa siku na karatasi, mshukuru, kisha usiufuate mpaka uuhakiki.

## Rufaa tuliyotoka nayo nyumbani

Hapa ndipo mawazo yangu yaligeuka.

Mtu aliyekulia Kigoma, Mombasa au Bukavu hafiki mahakamani California akiwa mtupu. Anakuja na maana ya rufaa aliyoikuta kwao, na maana hiyo ni sahihi kabisa huko kwao. Tanzania na Kenya, mahakama ya rufaa ya kwanza ina wajibu wa kuupitia ushahidi wote upya, kuupima, na kufikia uamuzi wake yenyewe, ikikumbuka tu kwamba haikuwaona mashahidi wakizungumza. Msimamo huo ni wa zamani. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliusema katika shauri la Pandya la 1957, ikaurudia kwenye Okeno mwaka 1972, na mawakili wetu bado wanayanukuu mashauri hayo. Kongo, iliyofuata njia ya Wabelgiji, nako rufaa hufungua upya mambo ya ukweli na ya sheria pamoja. Ni kasasyo tu, ngazi ya juu kabisa, inayobaki na sheria tupu.

Kwa hiyo unapomwambia mtu "umekata rufaa", anasikia: wakubwa wengine watanisikiliza upya.

Hawatamsikiliza.

Majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa ya California hawaiti shahidi. Hawapokei barua mpya ya mwajiri wala picha iliyopatikana mwezi uliopita. Hawaulizi nani alisema kweli. Wanaanza kwa kudhani kwamba hukumu iliyo mbele yao ni sahihi, na mzigo wote wa kuonyesha kasoro, tena kwa kutaja kurasa, uko kwa mrufani.

Kwetu kipo kitu kinachokaribia hali hiyo, nacho ni rufaa ya pili. Kenya, rufaa ya pili ya jinai hubaki kwenye hoja za sheria. Tanzania, shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo haliingii Mahakama ya Rufani mpaka Mahakama Kuu ithibitishe kwamba kuna hoja ya sheria ndani yake. Mtu aliyewahi kupita njia hiyo, au mjomba wake aliyewahi kupita, akiambiwa "rufaa ya California ni kama ile ya pili ya kwetu", uso hubadilika. Ameelewa, na ameelewa pia kwa nini mlango ni mwembamba.

Siku hizi naona ni haki kumwambia mtu kabla hajalipa hata senti: hii ni rufaa dhidi ya makosa ya jaji, shauri lako halianzi upya.

Kuna pahala pamoja ambapo linaanza upya kweli, na lazima nipataje kwa sababu panachanganya. Mahakama ya madai madogo. Aliyeshtakiwa pale akishindwa ana siku 30 tangu kutumwa kwa taarifa ya hukumu kujaza fomu SC-140, na jaji mwingine wa Superior Court atasikiliza kila kitu tangu mwanzo, mashahidi na risiti. Aliyefungua madai na kushindwa hana rufaa juu ya madai yake mwenyewe.

## Kilichoandikwa ndicho kilichotokea

Majaji wa rufaa wana macho tu. Wanachosoma ni vitu viwili: mafaili ya karani, yaani nyaraka zilizopokelewa na amri zilizotolewa, na mwenendo ulioandikwa neno kwa neno na mwandishi wa mahakama.

Kama hakuna mwandishi, hakuna mwenendo. Na katika mashauri ya familia na ya madai California, vyumba vingi vya mahakama havina mwandishi. Mtu anatoa ushahidi saa nzima, anaeleza vizuri, anatoka. Maneno yake hayako popote. Akikata rufaa akisema "jaji hakuzingatia niliyosema", majaji hawana pa kuangalia, na ile dhana kwamba hukumu ni sahihi inammaliza. Mwaka 2018, katika Jameson v. Desta, Mahakama ya Juu ya California ilisema kwamba mtu aliyesamehewa ada kwa kukosa uwezo ana haki ya kupewa mwandishi bila malipo akiomba. Akiomba: neno hilo lina uzito. Omba kwa maandishi, kabla ya siku ya kusikilizwa. Ukishachelewa, inabaki njia ya kuandika maelezo ya yaliyotokea na kumwomba jaji yuleyule ayaidhinishe, kazi ndefu na yenye mabishano.

Sasa kwetu sisi wasema Kiswahili kuna jambo jingine, na naomba msomaji atulie hapa.

Mwandishi wa mahakama haandiki Kiswahili.

Anaandika Kiingereza cha mkalimani. Ulichokisema wewe kwa kinywa chako kinapotea hewani, na sentensi ya mkalimani inakuwa ushahidi wako milele. Chukua shahidi anayesema, "Nilirudi nyumbani saa mbili usiku." Mkalimani aliyechoka, au aliyekulia mbali na saa zetu, anasema "two at night". Mwenendo sasa una mtu aliyeingia nyumbani saa nane za usiku wa manane, na mwendesha mashtaka anauliza alikuwa wapi muda wote huo. Au shahidi anasema "ndugu yangu", akimaanisha mtoto wa baba mdogo, ikaandikwa "my brother". Baadaye anasema kwa unyoofu kwamba hana kaka, ikaonekana amejipinga. Au anasema "alinisukuma", neno lisilosema ni mwanamume au mwanamke, na mkalimani analazimika kuchagua "he" au "she" papo hapo. Akichagua vibaya, mtu mwingine ndiye aliyesukuma.

Mwaka mmoja baadaye, majaji watatu wanasoma "two at night". Hawana sauti ya kusikiliza. Huwezi kuwaandikia kwamba ulisema saa mbili ya Kiswahili, kwa sababu maelezo hayo hayamo kwenye kumbukumbu.

Katiba ya California, tangu 1974, inampa mshtakiwa asiyeelewa Kiingereza haki ya mkalimani katika shauri lote. Haki hiyo ni ya kushikwa palepale chumbani. Ukisikia saa imetafsiriwa vibaya, inua mkono, mguse wakili wako, sema. Wakili anaomba masahihisho yaingie kwenye mwenendo: "shahidi alimaanisha saa mbili za jioni, nane kwa saa za Kiingereza." Mkalimani naye akigundua kosa lake ana wajibu wa kulitangaza. Ndugu aliyeketi nyuma anayejua lugha zote mbili ana kazi kubwa ya kusikiliza, aandike saa na sentensi kwenye kikaratasi, ampe wakili wakati wa mapumziko. Asipige kelele kutoka kwenye benchi.

Kanuni iliyo nyuma ya yote haya huonekana kwenye hukumu kwa neno "forfeited". Maana yake: hoja ilikuwa yako, uliiacha ipite bila kuweka pingamizi, sasa huna. Hukumu zinazokataa hoja kwa sababu hiyo ni nyingi mno, na wengi wa wanaozisoma hudhani mahakama imesema hoja haina ukweli. Haijasema hivyo. Imekataa kuigusa.

Na yale yasiyomo kwenye kumbukumbu, kama shahidi ambaye wakili hakumtafuta au ushahidi uliofichwa, yana mlango wake, ombi la "habeas corpus", ambalo linapokea viapo na nyaraka mpya. Ni shauri jingine. Wakili akikwambia "hilo si la rufaa, ni la habeas", hajakukwepa.

## Siku 60

Hapa nitakuwa mkavu kwa sababu siku hazina huruma.

Taarifa ya rufaa hupelekwa kwenye Superior Court iliyotoa hukumu. Kuipeleka kule kwenye jengo la majaji wa rufaa ni kupoteza siku. Shauri kubwa la jinai: siku 60 tangu hukumu kutolewa. Madai makubwa na mambo ya familia: siku 60 tangu ulipotumiwa "Notice of Entry of Judgment" au nakala ya hukumu yenye muhuri, kama hakuna aliyetuma chochote, siku 180 tangu hukumu kuingizwa kitabuni. Madai yasiyozidi dola 35,000, ambamo mashauri mengi ya kufukuzwa kwenye nyumba ya kupanga huangukia, na makosa madogo ya jinai, huenda kwenye kitengo cha rufaa cha Superior Court yenyewe, na muda ni siku 30.

Ni siku za kalenda. Jumapili na Idi zinahesabiwa.

Muda huo ni wa "jurisdiction", neno linalotafsiriwa "mamlaka", na hapa lina makali yake kamili: siku zikipita, majaji wenyewe hawana uwezo wa kukusikiliza hata wakitaka. Hakuna barua ya daktari itakayosaidia. Tanzania mtu amezoea kuomba kuongezewa muda kwa kuonyesha sababu za msingi, na mara nyingine anapata. Mazoea hayo yamewaponza wengi. Aliyeko gerezani ana nafuu moja: akiwakabidhi maafisa wa gereza taarifa yake ndani ya muda, inahesabika imefika.

Fomu ya madai makubwa ni APP-002, ya jinai kubwa ni CR-120. Ada kwenye Mahakama ya Rufaa kwa madai ni dola 775. Asiye na uwezo anajaza FW-001 kuomba msamaha. Ndani ya siku 10 baada ya taarifa unaeleza unataka kumbukumbu zipi ziandaliwe, kwa fomu APP-003. Ukisahau, mahakama hukuandikia na kukupa siku 15 za kurekebisha. Barua hiyo ndiyo ya mwisho kabla rufaa haijaondolewa, na ndiyo inayotupwa zaidi, kwa sababu inafanana na barua nyingine zote.

Jambo linaloumiza: kukata rufaa hakusimamishi kila kitu. Hukumu ya kulipa fedha inaendelea kutekelezwa mpaka uweke dhamana, mara moja na nusu ya deni ikiwa imetolewa na kampuni ya dhamana. Mpangaji aliyeamriwa kuhama ataondolewa hata kama rufaa yake ipo, mpaka aombe na kupewa "stay", yaani amri ya kusimamisha utekelezaji.

## Macho ya aina tatu

Kila hoja ya rufaa hutazamwa kwa jicho lake, na hukumu hulitaja jicho hilo mapema. Ukilijua, unaweza kukisia mwisho kabla ya kufika.

"De novo" ni kwa maswali ya sheria tupu. Majaji hawamtii jaji wa chini. Wanaisoma sheria wenyewe. Mrufani hupumua hapo. (Maneno haya haya kwenye madai madogo yana maana ya shauri zima kuanza upya. Ukiyaona, uliza ni mahakama gani inayosema.)

"Substantial evidence" ni kwa mambo ya ukweli. Wengi husikia "ushahidi mzito", wakaona wao ndio waliokuwa nao. Swali lenyewe ni dogo zaidi: je, upo ushahidi wowote wa maana unaoweza kuibeba hukumu? Shahidi mmoja aliyeaminika anatosha. Ulileta kumi, mwenzako mmoja, jaji akamwamini yule mmoja, rufaa imekwisha.

"Abuse of discretion" ni kwa yale ambayo sheria imemwachia jaji busara yake: mtoto akae na nani, ushahidi huu uingie au usiingie. Neno "abuse" linasikika kama unyanyasaji, na watu huona aibu kumtuhumu jaji hivyo. Hakuna tusi. Ni kusema alitoka nje ya mipaka ya busara aliyopewa. Ndani ya mipaka hiyo, majaji watamwacha hata kama wao wangeamua tofauti.

## Kurudi kwenye lile neno

Basi "harmless".

Katiba ya California, ibara ya sita, kifungu cha 13, inakataza kutengua hukumu kwa kosa lolote mpaka mahakama iwe imepima kumbukumbu nzima na kuona kwamba kosa limeleta haki kupotoka. Mwaka 1956, katika People v. Watson, kipimo kiliwekwa wazi: je, bila kosa lile, kuna uwezekano wa maana kwamba mrufani angepata matokeo bora zaidi? Mwaka 1967, katika Chapman v. California, Mahakama ya Juu ya Marekani iliweka kipimo kikali zaidi kwa makosa yanayovunja katiba ya nchi: hapo upande wa serikali ndio unaopaswa kuonyesha, pasipo shaka ya msingi, kwamba kosa halikuchangia kutiwa hatiani. Na yapo makosa machache ambayo hayapimwi kabisa, kama kunyimwa wakili au kuhukumiwa na jaji mwenye upendeleo. Hayo hutengua hukumu yenyewe.

Kwa hiyo ukisoma hukumu ya jinai, tafuta majina hayo mawili. Watson ni kipimo kigumu kwa mrufani. Chapman kinampa nafasi. Mara nyingi vita vyote vya mawakili vilikuwa juu ya kipi kitumike.

Ukitazama vizuri, neno "harmless" halisemi mtu hakuumia. Halimpimi mtu. Linapima matokeo: hata bila kosa hilo, wanaamini hukumu ingekuwa ileile. Ndiyo sababu nimeiacha "lisilo na madhara" na sasa natumia "kosa lisilobadili hukumu". Ni refu kidogo. Lakini mzazi akilisikia anajua kilichosemwa, na anaweza kubishana nacho: "Kwa nini wasiamini kwamba lingebadili?" Swali hilo lina njia ya kuulizwa, kwenye ombi la kusikilizwa tena. "Lisilo na madhara" humwachia mtu hasira tu.

Bado sina amani nalo. Majaji wanakisia wangeamua nini watu 12 wa juri ambao hawakuwaona. Wakati mwingine ushahidi ni mwingi kiasi kwamba hakuna ubishi. Wakati mwingine unasoma kurasa zile na kuona kwamba ushahidi uliozuiwa ndio uliokuwa roho ya utetezi.

## Barua ya wakili isiyo na hoja

Mtu asiye na uwezo aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa hupewa wakili wa rufaa bure. Hilo liliamuliwa katika Douglas v. California mwaka 1963. Wakati mwingine wakili huyo anaandika: nimesoma kumbukumbu zote na sikuona hoja ya kupeleka. Familia hulia, hudhani ameuzwa.

Barua hiyo huitwa "Wende brief", kwa shauri la People v. Wende la 1979, na matokeo yake ni kwamba majaji wenyewe wanapaswa kuipitia kumbukumbu nzima. Mrufani anapewa siku 30 kuandika barua yake. Aitumie. Aandike kwa lugha rahisi ukurasa na tukio, kwa mfano ule mstari wa "two at night" na kwamba aliomba usahihishwe akakataliwa. Kumwelezea jaji maisha yake ya nyuma hakutasaidia hapo.

## Mstari wa mwisho, na muhuri

"Affirmed": hukumu imethibitishwa. "Modified": imerekebishwa, pengine miezi ya kifungo tu. "Reversed": imetenguliwa, na hapa watu hukimbilia kupika pilau mapema. Kutengua mara nyingi ni kurudishwa chini, "remanded", kwa kesi mpya au kwa adhabu kupangwa upya, na mtu anaweza kubaki ndani akisubiri. Kinachofunga mlango wa kesi mpya ni mahakama kusema ushahidi haukutosha kumtia hatiani. Tangu Burks v. United States, 1978, huwezi kushtakiwa tena baada ya hapo. "Dismissed", likisemwa juu ya rufaa, lina maana rufaa ndiyo iliyoondolewa na hukumu ya chini inabaki. Wengi hulisoma kama mashtaka yamefutwa.

"Review denied" kutoka Mahakama ya Juu ya jimbo si kukubaliana na hukumu. Wamekataa kuichukua, basi.

Na sasa jambo la kwanza la kuuliza simu ile ya jioni inapolia, kabla ya ukurasa wa tisa. Kwenye ukurasa wa kwanza, kwa juu, pana muhuri wa "Filed" wenye tarehe. Ombi la kusikilizwa tena na majaji walewale lina siku 15 tangu tarehe hiyo. Hukumu inakuwa ya mwisho siku ya 30, na ombi kwa Mahakama ya Juu lina siku 10 baada ya hapo, kwa hiyo dirisha lake hufungwa siku ya 40. Baadaye huja "remittitur", karatasi moja inayorudisha shauri chini, na Mahakama ya Rufaa inanawa mikono.

Mwambie kijana asome tarehe iliyo ndani ya muhuri. Ile iliyoko kwenye bahasha ni ya posta.